Dhamira Kabla ya Ukumbi: Historia ya Mkutano wa Kujitolea wa Deep Learning Indaba hadi Kigali, 2017–2025

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi mkutano wa kitaalamu unaoendeshwa na watu wa kujitolea unavyopata dhamira yake ya pamoja, unavyoilinda na unavyoirekebisha. Mfano unaochunguzwa ni Deep Learning Indaba, mkutano wa mafunzo ya ujifunzaji wa mashine ulioanza Johannesburg mwaka 2017 na kufika Kigali mwezi Agosti 2025. Hoja kuu ni kwamba dhamira ya mkutano wa aina hii si tamko la kupamba ukumbi, bali ni kanuni ya kuamulia: nani aalikwe, nani afundishe, fedha ya nani ipokewe na kwa masharti gani. Kwa kuulinganisha na mikutano mingine iliyofanyika Kigali na katika Afrika Mashariki, makala yanaonesha kuwa dhamira ilidumu kwa sababu ilitaja bayana nani anahudumiwa, huku ikiacha wazi nani aweza kuitekeleza. Yanaonesha pia mambo mawili ambayo dhamira hiyo haijayatatua: gharama ya kazi isiyolipwa, na lugha ya kufundishia.

1.0 Utangulizi

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii ingeweza kuandikwa langoni mwa mji wa Kigali, kwani kupokea mikutano ni sehemu ya mpango wa uchumi wa Rwanda. Jengo la Kigali Convention Centre lilifunguliwa Julai 2016 na mwezi huohuo likapokea mkutano wa kilele wa Umoja wa Afrika. Machi 2018 mkataba wa Eneo Huru la Biashara Barani Afrika ulitiwa saini mjini humo. Juni 2022 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola walikutana hapo. Katika mji wenye mazoea hayo, mkutano mmoja zaidi si habari kubwa.

Hata hivyo, mkutano uliofanyika katika Chuo Kikuu cha Rwanda kuanzia tarehe 17 hadi 22 Agosti 2025 ulikuwa wa namna nyingine. Deep Learning Indaba haukuanzishwa na wizara, wala na kampuni, wala na jumuiya ya kikanda. Ulianzishwa na kikundi cha watafiti waliokubaliana kutoa muda wao bila malipo, na kwa miaka minane kazi ya kuchagua washiriki, kuandika mazoezi ya programu, kutafuta fedha na kufundisha imebebwa kwa sehemu kubwa na watu wa namna hiyohiyo. Swali la kihistoria ni hili: watu waliotawanyika katika nchi nyingi, wasiolipwa na wasio na mwajiri mmoja, walikubalianaje kuhusu jambo wanalolifanya, na makubaliano hayo yalistahimilije kuhamishwa kutoka nchi moja hadi nyingine?

Swali hili lina uzito kwa watunga sera. Serikali za Afrika Mashariki zimekwisha kuiweka akili mnemba, ambayo Kenya huitwa pia akili unde, katika mipango yao ya maendeleo. Baraza la Mawaziri la Rwanda lilipitisha sera ya taifa ya akili mnemba Aprili 2023. Sera huhitaji wataalamu, na sehemu ya wataalamu hao hupata mafunzo na marafiki wa kitaaluma katika mikutano ambayo serikali haikuiunda. Asiyeelewa kinachoishikilia mikutano hiyo aweza kuivunja kwa nia njema kabisa.

2.0 Mtangulizi wa Kigali: Wahandisi wa Mitandao, 2010

Historia ya mikutano ya kujitolea ya kiteknolojia mjini Kigali haikuanza mwaka 2025. Mei na Juni 2010 mji huo ulipokea mkutano na warsha za AfNOG, kundi la waendeshaji wa mitandao ya intaneti barani Afrika, pamoja na mkutano wa AFRINIC, shirika linalogawa anwani za intaneti barani. AfNOG ilikuwa imefanya mkutano wake wa kwanza Cape Town mwaka 2000, chini ya uongozi wa wataalamu kama Nii Quaynor wa Ghana. Utaratibu wake ulikuwa rahisi: wahandisi wenye uzoefu walijitolea kuwafundisha wenzao kwa vitendo, kwa vifaa halisi, na baadhi ya waliofundishwa walirudi miaka iliyofuata wakiwa walimu.

Wakati ulikuwa muafaka. Kebo ya SEACOM ilikuwa imeanza kazi katika pwani ya Afrika Mashariki Julai 2009, na kebo ya EASSy ilifuata mwaka 2010. Rwanda, nchi isiyo na bahari, ilikuwa imeanza tangu mwaka 2001 kutekeleza mpango wa miundombinu ya habari na mawasiliano uliopangwa kwa awamu za miaka mitano mitano. Kebo zingeweza kununuliwa kwa mkopo, lakini mtu wa kuziendesha usiku wa manane mtandao unapokatika hakuweza kupatikana kwa njia hiyo.

Funzo la AfNOG kwa mada hii ni wembamba wa dhamira yake. Haikuahidi kuikomboa Afrika kwa teknolojia. Iliahidi kwamba mitandao ya Afrika itaendeshwa na watu wanaojua kuiendesha, na kwamba watu hao watajuana. Dhamira ya namna hiyo humwezesha mtu wa kujitolea kujua lini kazi yake imefanikiwa: mwanafunzi wake amerudi nyumbani na mtandao unafanya kazi. Waanzilishi wa Indaba walikabili tatizo gumu zaidi, kwa sababu walichokikosa hakikuwa kifaa wala ujuzi mmoja, bali nafasi ya Waafrika katika taaluma nzima.

3.0 Dhamira Iliyozaliwa Kutokana na Hesabu, 2016–2017

Mwishoni mwa mwaka 2016 mkutano mashuhuri wa taaluma hiyo, uliojulikana wakati huo kwa kifupisho cha NIPS, ulifanyika Barcelona. Waanzilishi wa Indaba wamesimulia kwamba walipozipitia makala zilizokubaliwa mwaka ule, hawakukuta hata moja yenye mwandishi kutoka taasisi ya utafiti iliyoko Afrika. Si kwamba Waafrika hawakuwamo katika taaluma. Wengi walikuwamo, lakini walikuwa wakifanya kazi Ulaya na Marekani. Kilichokosekana ni Afrika kama mahali pa kufanyia utafiti.

Kutokana na hesabu hiyo, watafiti kama Shakir Mohamed, Ulrich Paquet, Vukosi Marivate na Benjamin Rosman, pamoja na wenzao, waliandaa mkutano wa kwanza katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, Septemba 2017. Washiriki walikuwa wapatao 300. Jina la indaba, neno la Kizulu na Kixhosa lenye maana ya kikao cha kujadili jambo zito, lilichaguliwa kuonesha kuwa mkutano hautakuwa darasa la wageni kuwafundisha wenyeji.

Dhamira iliyotangazwa inaweza kuelezwa hivi: kuimarisha ujifunzaji wa mashine barani Afrika, ili Waafrika wasiwe watazamaji na wapokeaji tu wa maendeleo ya akili mnemba, bali wawe waundaji na wamiliki wake. Maneno haya yanafanana na matamko mengi ya miaka ile. Kilichoyatofautisha ni matumizi yake. Neno ‘wamiliki’ liligeuka kuwa kigezo. Kama lengo lingekuwa kuongeza idadi ya watu wanaotumia teknolojia, ingetosha kampuni kubwa kuleta mabalozi wake na kugawa vyeti. Kwa kuwa lengo lilikuwa umiliki, ilibidi mazoezi yaandikwe na wajitoleaji wenyewe, msimbo wake utolewe huria ili kila chuo kiweze kuuchukua, na washiriki wachaguliwe kwa maombi badala ya kwa uwezo wa kulipa kiingilio. Hata programu ya kupokea na kuchambua maombi hayo, iliyopewa jina la Baobab, iliandikwa na wajitoleaji na msimbo wake ukawekwa hadharani.

Ni muhimu pia kutaja jambo lisilopendeza. Baadhi ya waanzilishi walikuwa waajiriwa wa maabara za ng’ambo, na miongoni mwa wafadhili wa mwanzo zilikuwamo kampuni kubwa za teknolojia, zikiwamo Google na DeepMind. Mkono mtupu haulambwi, na mkutano wenye nauli, malazi na chakula cha mamia ya wanafunzi hauwezi kuendeshwa kwa moyo peke yake. Hivyo mvutano kati ya umiliki na ufadhili haukuja baadaye kama ajali. Uliwekwa ndani ya msingi tangu siku ya kwanza. Dhamira ilikuwa ndiyo chombo cha kuudhibiti.

4.0 Dhamira Yasafiri, 2018–2024

Mtihani wa kwanza ulikuwa wa jiografia. Mkutano uliozaliwa na kulelewa Afrika Kusini, ukarudi tena nchini humo, Stellenbosch, mwaka 2018, ungeweza kwa urahisi kuwa mkutano wa Afrika Kusini wenye wageni. Waandaaji walijibu kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ilikuwa kugatua madaraka. Mwaka 2018 ilianzishwa mikutano midogo ya kitaifa iliyoitwa IndabaX, ambayo mwaka huo ilifanyika katika nchi 13. Kila kikundi cha nchi kilijipangia mada, wazungumzaji na ukumbi wake. Kilichotakiwa kushikwa kwa pamoja ni dhamira. Muundo uliachwa kwa wenyeji. Uamuzi huo una maana kubwa kuliko unavyoonekana, kwa maana uliitenga haki ya kutumia jina na haki ya kutoa amri. Mwanafunzi wa Kampala au wa Dar es Salaam hakulazimika kungoja kualikwa na kamati iliyo mbali ili aanze kazi.

Njia ya pili ilikuwa kuhama. Agosti 2019 mkutano ulifanyika katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, Nairobi, ukawa wa kwanza katika Afrika Mashariki. Mwaka uleule ilianza Masakhane, jumuiya ya watafiti wa lugha za Kiafrika yenye jina la Kizulu lenye maana ya ‘tujengane’. Jumuiya hiyo iliichukua kanuni ya Indaba na kuipeleka katika tafsiri ya mashine: wasemaji wa lugha ndio watafiti wa lugha hizo, si watoaji wa data tu. Mwaka 2021 wanajumuiya walichapisha mkusanyo wa data wa kutambua majina katika lugha 10, zikiwamo Kiswahili, Kinyarwanda, Kiganda na Kijaluo. Hapa pana ushahidi kwamba dhamira ilikuwa imeanza kuzaa taasisi zisizokuwa chini ya waasisi wake.

Mkutano uliokusudiwa kufanyika Tunisia mwaka 2020 uliahirishwa kwa sababu ya UVIKO-19, ukafanyika mwaka 2022. Ukafuata Accra mwaka 2023, kisha Dakar mwaka 2024. Mkutano wa kibiashara unaokosa tukio lake kwa miaka miwili hupoteza mapato, na aghalabu hufa. Indaba haukufa. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba matawi ya kitaifa na jumuiya kama Masakhane yaliendelea kukutana kwa njia ya mtandao, hivyo dhamira ilikuwa na mahali pa kuishi hata ukumbi ulipokosekana. Mkutano ulikuwa tukio la dhamira. Dhamira haikuwa tangazo la mkutano.

5.0 Kigali: Mwenyeji Mwenye Dhamira Yake

Indaba ulipofika Kigali haukukuta uwanja mtupu. Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kiliweka tawi lake mjini humo kwa makubaliano ya mwaka 2011. Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati, AIMS, ilifungua kituo chake Rwanda mwaka 2016, na mwaka 2018 ikaanzisha shahada ya uzamili katika akili ya mashine chini ya uongozi wa Moustapha Cissé. Sekretarieti ya Smart Africa, iliyotokana na mkutano wa wakuu wa nchi wa mwaka 2013, iko Kigali. Kwa ufupi, mwenyeji alikuwa na dhamira yake, nayo ilikuwa imeandikwa, ikapangiwa bajeti na kupewa wizara.

Kigali ulikuwa umekwisha pokea pia mkutano mkubwa wa taaluma yenyewe. Asili ya tukio hilo ni suala la viza. Desemba 2018 mkutano wa NeurIPS, ambalo ndilo jina jipya la NIPS, ulifanyika Montreal, na watafiti wengi waliokuwa wahudhurie warsha ya Black in AI walinyimwa viza za Kanada. Tatizo lilijirudia mwaka 2019 mkutano ulipofanyika Vancouver. Waandaaji wa mkutano mwingine wa daraja hilohilo, ICLR, walikuwa wameazimia kuupeleka wa mwaka 2020 Addis Ababa. Janga la UVIKO-19 likaulazimisha ufanyike mtandaoni. Hatimaye, Mei 2023, ICLR ulifanyika Kigali. Rwanda ilikuwa chaguo lenye mantiki, kwani tangu Januari 2018 raia wa nchi zote waliweza kupata viza wanapowasili, na Novemba 2023 serikali ilitangaza kuwa Waafrika wote wataingia bila malipo ya viza.

Kisha, tarehe 3 na 4 Aprili 2025, ulifanyika mkutano wa kilele wa kimataifa kuhusu akili mnemba kwa Afrika. Hapo lilipitishwa tamko la bara na ukatangazwa mpango wa mfuko wenye lengo la dola bilioni 60 za Marekani. Miezi minne baadaye, mjini humohumo, ukafuata mkutano wa wajitoleaji.

Mikutano hii mitatu inafaa kulinganishwa kwa swali moja: mshiriki anayehesabiwa ni nani? Katika ICLR anayehesabiwa ni makala iliyopita tathmini. Afrika ilikuwa mahali pa kukutania, na faida kubwa ilikuwa kwamba mtafiti wa Kiafrika hakuzuiwa mlangoni. Katika mkutano wa kilele anayehesabiwa ni dola na mwekezaji. Mwanafunzi hutajwa kama rasilimali. Katika Indaba anayehesabiwa ni mwanafunzi mwenyewe, pamoja na mwalimu atakayerudi chuoni kwake kufundisha. Hakuna ubaya katika kuwapo kwa mikutano yote mitatu. Ubaya huanza pale mmoja unapochukuliwa kuwa badala ya mwingine: serikali inapodhani kuwa kupokea ICLR kumejenga utafiti wa ndani, au mfadhili anapodhani kuwa mkutano wa wanafunzi ni soko la kuajiria.

Hatari hiyo ya mwisho si ya kufikirika. Mwanafunzi bora anayeonekana katika mkutano wenye kampuni za ng’ambo aweza kupata kazi London au Zurich kabla ya kuhitimu. Kwa yeye binafsi ni mafanikio. Kwa dhamira inayosema Waafrika wawe wamiliki, jibu si rahisi. Waandaaji hawakumzuia mtu kuondoka, na wasingeweza. Walichofanya ni kutukuza hadharani kazi iliyofanyika barani: tuzo yao kwa tasnifu bora inabeba jina la Thamsanqa Kambule, mwalimu wa hisabati wa Afrika Kusini, na ile ya kazi yenye manufaa kwa jamii inabeba jina la Wangari Maathai wa Kenya. Tuzo haimzuii mtu kupanda ndege, lakini inatangaza kipi kinachohesabiwa kuwa heshima.

6.0 Nani Anabeba Mzigo

Rwanda ina neno lake la kazi ya pamoja: umuganda. Tanzania huitwa msaragambo, na Kenya neno harambee limebeba sehemu ya maana hiyo. Maneno haya matatu yana historia inayofaa kukumbukwa na wanaopanga kazi ya kujitolea. Umuganda uligeuzwa kuwa sera ya serikali mwaka 1974, na ukatumiwa kama chombo cha amri katika miaka ya giza iliyofuata. Baada ya mwaka 1994 ulihuishwa kwa shabaha nyingine, na sheria ya mwaka 2007 iliweka utaratibu wake wa sasa: wakazi wa umri wa miaka 18 hadi 65, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi. Harambee nayo iliacha kuwa mchango wa kijiji tu ikawa jukwaa la wanasiasa, hadi sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya mwaka 2003 ikalazimika kuwawekea mipaka. Kazi ya pamoja hubaki njema pale wanaoifanya wanapokuwa na kauli juu ya shabaha yake. Kauli hiyo ikiondoka, kinachobaki ni jasho.

Mkutano wa kitaalamu hauna nguvu ya sheria, lakini una shinikizo lake. Kamati huundwa na wahadhiri vijana na wanafunzi wa uzamivu, watu walewale wenye mzigo mkubwa wa kufundisha na kusahihisha. Muda wanaoutoa hauhesabiwi wanapoomba kupandishwa cheo, kwa kuwa vyuo vyetu huhesabu makala na vitabu. Mwenzao aliyeajiriwa na kampuni kubwa ng’ambo aweza kuruhusiwa kufanya kazi ya mkutano katika saa za ofisi. Hivyo, bila yeyote kukusudia, gharama ya kujitolea humwelemea zaidi yule ambaye dhamira inasema ndiye anayehudumiwa. Hili ni pengo ambalo tamko la dhamira, hata liandikwe vizuri namna gani, haliwezi kuliziba peke yake.

7.0 Fedha ya Mbali, Uamuzi wa Karibu

Mfano kutoka jamii ya jirani unaonesha kinachotokea dhamira mbili zinapokutana katika bahasha moja ya fedha. Novemba 2023 mkutano wa kwanza wa DjangoCon Africa, wa waandishi wa programu wanaotumia Django na Python, ulifanyika Zanzibar, nao uliandaliwa na wajitoleaji. Ombi lao la ruzuku kwa taasisi ya ng’ambo inayosimamia lugha ya Python lilizua mjadala mrefu. Taasisi hiyo, ambayo dhamira yake ni pamoja na kukuza jumuiya ya kimataifa yenye watu wa kila aina, ilikuwa na wasiwasi kuhusu usalama wa baadhi ya washiriki chini ya sheria za nchi mwenyeji. Waandaaji waliona kuwa ucheleweshaji na namna walivyohojiwa vinawanyima Waafrika imani ambayo wengine hupewa. Ruzuku ilitolewa, lakini kinyongo kilibaki, na waandaaji wa Kiafrika wakatoa barua ya wazi.

Makala haya hayakusudii kuamua nani alikuwa na haki. Pande zote mbili zilitetea jambo lililomo katika dhamira zao. Kilichokosekana ni makubaliano ya awali: kabla ya fedha kuombwa, nani ana kauli ya mwisho juu ya mahali pa mkutano, na kwa vigezo gani vilivyoandikwa? Mkutano uleule ulirejea Tanzania, Arusha, Agosti 2025, mwezi mmoja na Indaba ya Kigali. Mwezi huo pia taasisi hiyo ya ng’ambo ilisimamisha kwa muda mpango wake wa ruzuku kwa sababu fedha iliyotengwa ilikuwa imekwisha. Mikutano mingi ya kujitolea duniani ilijikuta ikitafuta riziki kwingine. Hoja inayotolewa mara nyingi, kwamba dhamira pana huvutia wafadhili wengi zaidi, ina ukweli wake. Lakini mkutano wenye dhamira pana mno hauna sababu ya kumkatalia mfadhili yeyote, na usioweza kumkatalia yeyote huishia kuwa wa yule mwenye fedha nyingi zaidi.

8.0 Lugha: Kifungu Ambacho Hakijaandikwa

Katika miji yote iliyotajwa, lugha kuu ya kufundishia katika Indaba imebaki Kiingereza. Sababu za kiutendaji zinaeleweka: makala, vitabu na msimbo wa taaluma hii huandikwa kwa Kiingereza. Lakini mkutano uliofanyika Tunis, Dakar na Kigali umepita katika nchi ambazo wanafunzi wengi walisoma kwa Kifaransa, Kiarabu au Kinyarwanda. Umiliki wa maarifa unaopitia lugha moja tu ya kigeni una mpaka wake.

Kigali una sababu ya pekee ya kulijadili suala hili. Rwanda ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017. Vilevile, Wanyarwanda wenyewe wameonesha kinachowezekana: kwa juhudi zilizoongozwa na Digital Umuganda, kampuni changa iliyoazima jina la kazi ya pamoja, watu wa kawaida walisoma sentensi kwa sauti zao hadi Kinyarwanda kikawa na zaidi ya saa 2,000 za sauti katika mradi wa Common Voice, kiwango ambacho lugha nyingi zenye wasemaji wengi zaidi hazijakifikia. Waliofanya hivyo hawakuwa wahandisi. Walielewa shabaha, wakaona faida yake kwa lugha yao, wakatoa dakika zao. Hiyo ni dhamira ya pamoja katika umbo lake lililo wazi kabisa.

9.0 Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa inaonesha kuwa Indaba ulidumu si kwa sababu dhamira yake ilikuwa kubwa, bali kwa sababu ilitumika. Ilitaja anayehudumiwa, ikaruhusu mtekelezaji yeyote, na ikawapa wajitoleaji kipimo cha kupimia kila ombi la fedha, la jina au la ukumbi. Ulipofika Kigali, mkutano ulikutana na dola yenye shabaha zake, na kukutana huko kunaweza kuwa kwa heri ikiwa mambo matatu yatazingatiwa.

Kwanza, serikali na vyuo wenyeji vigharimie yale yasiyogusa maamuzi: viza, kumbi, mabweni, umeme na intaneti. Kwa utaratibu wake wa viza Rwanda imekwisha kuonesha kuwa msaada mkubwa kuliko wote unaweza kuwa kuondoa kizuizi, bila kuongeza sharti. Pili, vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vihesabu kazi ya kuandaa na kufundisha katika mikutano ya namna hii vinapopandisha watumishi vyeo, ili anayejitolea asiadhibiwe kwa kujitolea. Tatu, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mabaraza ya lugha ya nchi wanachama yashirikiane na wajitoleaji kuandaa istilahi na mazoezi ya ujifunzaji wa mashine kwa Kiswahili. Mazoezi hayo yako huria. Hakuna anayehitaji kuombwa ruhusa.

Kidole kimoja hakivunji chawa, na hakuna mkutano wa kujitolea uliowahi kusimama kwa mtu mmoja. Lakini vidole vingi navyo huhitaji kujua chawa yuko wapi. Waliokutana Johannesburg mwaka 2017 walimjua, kwa kuwa walikuwa wamehesabu majina katika orodha wakakuta sifuri. Wanaoupokea mkutano huo leo, katika miji yenye kumbi nzuri zaidi na wafadhili wengi zaidi, wana kazi ya kuikumbuka sifuri ile, na ya kuuliza kila mwaka imepunguzwa kwa nani na kwa lugha ipi.